Sikio la Nyumbu Mwenye Mabawa

Wiki iliyopita nilipita karakana kuwasalimia. Mmoja wenu, yule aliyesuka nywele kana kwamba kila siku ana harusi, akanisogezea simba mwenye mapezi ya samaki, akaniuliza kama huyo ni wetu au ni wa watu. Nilimgeuza simba miguu juu, nikapitisha ukucha wa kidole gumba tumboni, nikamrudishia. Nikasema, wa watu. Mkacheka mkidhani bibi anabahatisha. Mimi sibahatishi, wanangu. Nimestaafu mgongo, macho bado yapo kazini, na kwa kuwa mlicheka nitawaeleza kwa kirefu, mtake msitake.

Jina langu ni Fausta, lakini ukiulizia Fausta hapa Karatu utazungushwa mpaka uchoke. Ulizia Mama Msasa. Maisha yangu yote ya kazi nilikaa benchi moja, lile la dirishani, nikiwasafisha wanyama ambao Mungu hakuwaumba: twiga wenye magamba, viboko wenye pembe za swala, nyumbu wenye mabawa. Tuliwamimina kwa resini iliyochanganywa na unga wa jiwe, ndani ya kalibu za mpira, wakatoka wadogo wa kukaa kiganjani. Kuna watu wana kabati zima la wanyama hao na wanajua tarehe ya kumpata kila mmoja kuliko wanavyojua tarehe za ndoa zao. Mpita njia akisema hiyo ni midoli, mwacheni aseme, ana safari yake.

Aliyenifundisha alikuwa Fundi Bura, mtengeneza kalibu wetu, Mwiraqw mwenzangu, mrefu, mkimya, mtu wa ugoro. Sasa marehemu. Siku yangu ya kwanza ya kujifunza alama alinipa wanyama kama ishirini hivi na kuniamuru nifumbe macho. Nikafumba. Akasema nieleze kidole kinasikia nini. Nikasema kinasikia mnyama. Akaguna, akaenda kunywa chai, akaniacha nimefumba macho kama mtu aliyeadhibiwa shuleni. Aliporudi nilikuwa nimeshajua kuwa mnyama ana mistari.

Sikilizeni vizuri hapa, maana mashine yenu ya kuchapa wanyama haitawaambia. Mchongaji hufinyanga mnyama mmoja tu wa udongo. Sisi tulimwita mnyama mama. Bura alimfunika yule mama kwa mpira, nusu ya kushoto na nusu ya kulia, na mpira ukishakauka ndiyo kalibu. Pale nusu mbili zinapokutana, resini hupenya na kuacha mstari mwembamba uliotuna. Huo ndio mshono. Kalibu ikichanika kidogo, resini huingia kwenye mchano na kuacha mstari mwingine, nao umetuna. Basi kitu kilichotuna ni cha kalibu. Kitu kilichozama, mkwaruzo au tundu, mara nyingi ni cha mtu au cha ajali, au ni kipovu cha hewa. Lakini kuna kilichozama ambacho mchongaji mwenyewe alikichonga kwa mama, na hicho utakikuta kwa kila mtoto, mahali pale pale. Ndiyo maana lazima uwe umewashika wengi kabla hujafungua mdomo wako.

Chini ya mguu wa nyuma wa kushoto Bura aliweka nukta zilizotuna. Nukta moja, kalibu ya kwanza. Mbili, ya pili. Wakusanyaji wanajua hilo, na kwa ajili ya nukta moja mtu mzima anaweza kupiga magoti sakafuni dukani na kumkagua mnyama kwa tochi. Nimewaona.

Wanaoiga wanajulikana hivi. Mwigaji hana mnyama mama. Ana mtoto wetu aliyemnunua dukani, anamtia mpira, anamfanya mama kwa nguvu. Mshono wetu tuliokwisha kuupiga msasa hubaki kama kivuli, na wa kwake unapita pembeni yake. Mishono miwili kwenye tumbo moja. Simba wa wiki iliyopita alikuwa nayo, hilo tu. Tena wa kuiga huwa mfupi kidogo, kwa sababu resini ikikauka hunywea. Mimi nilikuwa na kijiti cha mwanzi nilichokikata kwa urefu wa nyumbu wetu kutoka kwato mpaka begani. Wetu kilimfika begani barabara. Wa kuiga kilimpita.

Msiende na rangi. Rangi ni rahisi kuichezea. Yupo jamaa aliniletea kiboko mwenye pembe, anaapa ni wa zamani, kampaka rangi ya viatu ili aonekane mzee. Nikamnusa. Nikamuuliza kama huyu kiboko ana usaili wa kazi ofisini. Hakurudi tena. Mwingine alimlowesha twiga kwenye chai ya maziwa, na mpaka siku aliponiletea sisimizi walikuwa wamemfuata ndani ya boksi.

Na nyie wa mashine ya kuchapa wanyama, msijidanganye kuwa wa kwenu hawana alama. Nimemshika pundamilia wenu. Ana mistari midogo iliyopangana mwili mzima, kama shamba lililopigwa trekta. Hiyo nayo ni alama. Ijueni, itawafaa siku mtakapoulizwa.

Nataka niwaambie siku niliyoulizwa mimi.

Dukani, kile chumba cha mbele, tulikuwa na muuzaji anaitwa Zuhura. Mjane mwenye watoto wawili, mtoto wa hapa hapa mjini, mnyoofu mpaka anachosha. Akikuta shanga imedondoka sakafuni anazunguka karakana nzima akiuliza ni ya nani. Bwana Shabani, mwenye karakana, alikuwa amemwajiri mwaka ule. Siku moja akamwagiza asafishe stoo, na chini kabisa ya kreti la zamani Zuhura akamkuta nyumbu mwenye mabawa amefungwa kwenye gazeti. Akamgeuza kama nilivyomfundisha. Nukta moja.

Nyumbu wa nukta moja ni adimu, na sababu tuliijua wote: Fundi Bura aliikata kalibu ya kwanza baada ya majuma machache tu. Kwa nini aliikata, hakuna aliyesimulia. Zuhura akamfuta vumbi, akamweka rafuni, na siku hiyo hiyo nyumbu akanunuliwa na Daktari Eliaichi wa Moshi. Huyu mama alikuwa daktari wa meno mstaafu. Amemimina taya za watu kwa plasta maisha yake yote. Kati ya wakusanyaji wote niliowahi kuwajua, yeye ndiye niliyemwogopa, kwa sababu alijua kalibu ni nini.

Baada ya wiki mbili akarudi. Hakupita dukani. Alikuja moja kwa moja benchini kwangu, akapanga nyumbu watatu mbele yangu, wawili wa kwake wa siku zote na yule wa nukta moja. Akagusa masikio ya kushoto ya wale wawili. Yalikuwa na mkato mdogo wenye umbo la ncha ya mkuki. Akagusa sikio la wa tatu. Zima, laini, halina kitu.

Mkato ule niwaeleze. Mchongaji wa wanyama wetu ni Mzee Lemayani wa Enguserosambu, mfugaji. Kwao ng'ombe hukatwa sikio ili ajulikane ni wa ukoo gani, na mzee huyu, kila mnyama anayetoka mikononi mwake, hata mwenye mabawa, hata mwenye mapezi, anamkata sikio la kushoto kwa alama ya ng'ombe wa kwao. Tulimtania kwamba nyumbu anayeruka hawezi kupotea njiani. Akajibu kwamba anayeruka ndiye anayepotea mbali zaidi. Alama ile iko kwa mnyama mama, kwa hiyo iko kwa watoto wote. Nyumbu asiyekuwa nayo hakutoka kwa Lemayani.

Daktari akasema hivyo hivyo, kwa sauti ya chini, na Bwana Shabani akawa amesimama nyuma yake anasikia. Akamwita Zuhura. Wakati ule mjini tulikuwa tumeshaanza kuona wa kuiga wakiuzwa kando ya barabara ya kwenda geti la hifadhi, na Bwana Shabani akaunganisha mambo kichwani mwake palepale: Zuhura amempata nyumbu wa kweli stoo, amemuuza kwa mlango wa nyuma, na kumpa Daktari wa kuiga wa barabarani. Zuhura akaeleza kreti, akaeleza gazeti. Gazeti lenyewe alishalitupa. Kila alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo, maskini.

Bwana Shabani hakupiga kelele. Alisema, "Mama Msasa atatuambia. Akisema ni wa kuiga, Zuhura, leo ndiyo mwisho wako hapa, na wenye maduka wenzangu nitawaambia sababu."

Mnaijua Karatu. Wenye maduka wanaswali pamoja, wanazikana, wanaozeshana. Mjane aliyeitwa mwizi na mmoja wao angepata kazi wapi? Zuhura hakunitazama. Alikuwa anatazama kandambili zake.

Kulikuwa na watu wengine chumbani. Mzee Lemayani mwenyewe alikuwepo, ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, amejifunga shuka lake. Alikuwa amefika juzi yake kwa basi la kutoka Wasso, mji wa jirani na kwao, safari ya kutwa nzima, amempakata mnyama mama mpya mapajani asivunjike. Yeye pia alikuwa ananisubiri mimi.

Nikamchukua nyumbu, nikafumba macho. Nukta imetuna, moja, imeinama kidogo upande kama Bura alivyozoea. Mshono tumboni, mmoja tu. Nikatafuta kivuli cha mshono wa pili, hakuna. Kijiti changu kikamfika begani barabara. Manyoya ya mabawa yako wazi, kila moja unaweza kulihesabu kwa ukucha. Wanangu, yule alikuwa wetu kuliko wetu wote. Nikafika sikioni. Kidole gumba kikapita mara moja, kikarudi, kisha kikasimama, kwa sababu niliujua ule msasa. Umezungushwa kutoka ndani kwenda nje, halafu umemaliziwa kwa kitambaa. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kusafisha hivyo. Sikio lile nililiziba mimi.

Nilikuwa msichana mbichi wakati huo, mwezi wangu wa kwanza. Kwetu Qurus tulilima mahindi na mbaazi, ng'ombe wetu walikuwa watatu na tuliwaita kwa majina. Nani angewakata masikio? Nikaona nyumbu wote wamepungua kipande sikioni, nikajua ni kipovu cha hewa. Hakuna aliyeniambia nifanye lolote. Nikachukua puti, ile ile wanayozibia mabodi ya magari, nikaziba sikio moja moja, nikapiga msasa, na nilijiona fundi hasa. Kreti kwa kreti. Siku Lemayani alipokuja, akainua nyumbu mmoja, akauliza alama yake iko wapi. Bwana Shabani wa siku zile alikuwa kijana wa moto, anafukuza mtu kwa kikombe kilichopasuka. Akafoka, nani ameharibu hawa wanyama? Nami nikainamia msasa wangu.

Fundi Bura akamchukua nyumbu mmoja mpaka mlangoni penye mwanga, Lemayani akamfuata, wakakaa naye kitambo. Akarudi na kusema kalibu imeshikana sikioni, kosa ni lake. Alasiri ile aliitandika kalibu juu ya meza, akaikatakata kwa kisu mbele yetu sote, akaanza nyingine. Ndiyo hiyo ya nukta mbili. Na wale waliozibwa walitupwa wote, isipokuwa huyu mmoja, sijui alisalimika vipi. Nikajua mkato ni nini, nikaacha puti, nikafunga mdomo. Bura akanifundisha kazi yote, akazeeka, tukamzika, na mimi mdomo nimeufunga.

Sasa nisiwadanganye kwamba nilisema ukweli palepale. Niliwaza. Mama Msasa, bingwa wa alama, anayeitwa mpaka Arusha kukagua wanyama wa watu, ndiye aliyesababisha kalibu bora ikatwe, na akamwacha mwalimu wake abebe kosa. Nikisema "wa kuiga" hakuna atakayebisha. Niliyapima hayo nikiwa na nyumbu mkononi. Naona aibu mpaka leo kwamba niliyapima.

Nikafumbua macho. Nikasema, "Ni wetu. Kalibu ya kwanza. Zuhura hajamgusa. Sikio nililiziba mimi kwa puti, na kalibu ya Bura haikuwa na kosa lolote."

Kisha nikawasimulia yote, kama nilivyowasimulia nyie. Sikumtazama Lemayani.

Bwana Shabani akamgeukia Zuhura, akamwomba radhi mbele yetu sote kwa jina lake na la marehemu mumewe. Kwa mtu kama yule halikuwa jambo dogo, na ninamheshimu kwa hilo. Zuhura akaanza kulia akiwa bado anatazama kandambili. Lakini Daktari hakuwa mtu wa maneno. Alitoa lenzi mkobani.

"Mimi nimeziba meno miaka yote," akasema. "Kilichozibwa hufunguka. Fungua."

Nikatafuta sindano yangu ya kusafishia. Kabla sijaishika, Mzee Lemayani akawa amesimama karibu nami, amechomoa kisu chake kiunoni na kukigeuza, mpini upande wangu. Kwao anayekata sikio la mnyama ni mwenye mnyama, au mtu wa ukoo aliyepewa heshima hiyo. Miaka yote hakuwahi kumruhusu yeyote kati yetu aguse alama ile hata kwenye udongo.

"Mkate wewe," akaniambia.

Nikakipokea kisu. Nikaingiza ncha. Puti ikatoka chengachenga, nyeupe, ikadondoka kwenye aproni. Chini yake mkato ukajitokeza, umbo la ncha ya mkuki, kingo zake kali kama siku ulipochongwa. Daktari akautazama kwa lenzi kwa muda mrefu. Akamfunga nyumbu wake kwenye kitambaa, akaenda kumshika Zuhura mkono, akaondoka. Mwaka uliofuata alirudi na hakutaka kuhudumiwa na mtu mwingine ila Zuhura.

Nilikwenda uani kupumua. Lemayani akanifuata, anafuta kisu chake kwenye shuka. Nikaanza kumwomba radhi, kwa ajili ya alama yake na kwa ajili ya Bura aliyekufa akiamini kuwa amekosea.

"Bura alijua," akasema.

Nikadhani sikumsikia.

"Siku ile mlangoni alilikwangua sikio kwa ukucha. Puti ikabaki kwenye ukucha, akanionyesha. Akasema, binti huyu akifukuzwa leo, mikono kama hii sitaipata tena. Kalibu nitatengeneza nyingine."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, miaka yote hiyo, safari zote hizo za Wasso, chai zote tulizokunywa kwenye benchi lile.

"Tulikuwa tunakusubiri useme wewe," akanijibu.

Nililia, wanangu. Nililia kwa sauti, Mama Msasa mzima, mpaka wapishi wa hoteli ya jirani wakachungulia ukutani. Kalibu ile ndiyo kazi nzuri kuliko zote alizofanya Bura, kila mwenye kabati atawaambia hivyo, na aliikatakata kwa ajili ya mikono yangu. Halafu nikafuta uso kwa aproni na kurudi dirishani. Twiga kumi na mmoja wenye magamba walikuwa wanasubiri msasa, na Bura hakuitoa kalibu yake ili mimi nikae uani nalia.